Fundi wa Kupima

Mashine ilizimika tena adhuhuri, Faidha akiwa jikoni anasonga ugali, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakujua ilizimika muda gani, maana sauti yake ilikuwa inaendelea. Ile pumzi aliyokwisha kuizoea, inayovuta, inayotua, inayoshusha, ilisikika mpaka jikoni bila kasoro. Alipoingia chumbani na sahani ndipo akaona taa ya kijani haiwaki. Sauti ipo, taa hakuna. Aliweka sahani chini, akaenda dirishani, akabonyeza swichi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na taa ikarudi.

"Mashine gani hii isiyo na haya," aliiambia.

Baba yake, Mzee Bwanali, alikuwa kitandani upande wa pili wa chumba, mrija umetambaa sakafuni kutoka kwenye mashine hadi puani kwake. Alikuwa anamtazama binti yake, macho yamemtoka, uso umesinyaa, midomo inachezacheza bila kutoa neno. Hivyo ndivyo alivyokuwa kila mashine ilipozimika. Kisha hewa ikamfikia, uso ukajaa, midomo ikatulia, naye akasema kwa sauti safi ya mtu aliyelala akashiba usingizi, "Leta chakula."

Mzee huyu alikuwa mkulima wa korosho kule Chilangala. Ujana wake wote na utu uzima wake wote alibeba bomba la salfa mgongoni, akiipulizia mikorosho yake na ya jirani, kinga yake ikiwa ni kipande cha kanga alichojifunga puani, na mapafu yakachoka kabla mwenyewe hajachoka. Faidha alimhamishia kwake Newala mjini. Mumewe alikuwa na kazi Mtwara, binti yao Huruma yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, yeye na mgonjwa. Daktari alimwambia waziwazi kwamba bila mashine ya oksijeni mzee hatafika mbali. Mashine ikapatikana Nanganga, kwenye familia iliyokuwa imefiwa na baba. Walikuwa na haraka ya ajabu ya kuitoa ndani. Waliipakia wenyewe kwenye gari, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mgonjwa wa Newala ni nani.

Na mashine ikafanya kazi, tusiseme uongo. Mzee aliyekuja hawezi kumaliza sentensi, wiki chache baadaye anasema kwa sauti inayosikika barabarani. Alikula, akarudia kula. Mashavu yakarudi. Mikono tu ndiyo ilikataa kupata nguvu, hata kikombe anashikiwa. Kweli, hakuuliza tena saa za swala, yeye aliyekuwa anaamsha nyumba nzima alfajiri, lakini mgonjwa ana udhuru. Kweli pia chumba kilianza kunuka salfa. Newala nzima hunuka salfa msimu wa kupuliza ukifika, hivyo Faidha hakujisumbua nayo, mpaka siku moja akiwa anafua mashuka akakumbuka kwamba salfa ya mwaka ule ilikuwa hata haijagawiwa. Akafungua madirisha, akaendelea kufua.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu, baba yake aishi. Na kilichosimama njiani, kwa jinsi alivyoona yeye, ni mashine inayozimika na mafundi wasiojua kwa nini.

Wa kwanza alikuwa Gervas wa mtaa wa pili, aliyekuja na bisibisi moja na maneno ya kutosha mafundi watano. Alifungua mashine, akapuliza vumbi kwa mdomo, akafunga, skrubu mbili zikambaki mkononi. Alipoulizwa alisema hizo ni za ziada, kiwandani huweka kwa tahadhari. Mashine ikazimika kabla hajafika kwake. Aliyefuata akabadilisha plagi na kumlaani Gervas. Mwingine akabadilisha soketi, akamlaani aliyebadilisha plagi, akasema nyumba nzima inatakiwa kutandazwa waya upya, akanywa chai akaondoka. Faidha alifika mahali akawa anajua kuchuna waya kuliko anavyojua kufuma vitambaa, kwa kuwashikia tochi tu.

Akampigia kaka yake Salmini, aliyeko Masasi.

"Usihangaike na hao," Salmini akamwambia. "Huku yupo kijana anaitwa Filemoni, kazi yake ni kupima vifaa vya umeme. Ana mita, hakisii. Kesho anapanda huko."

Kesho ikapita. Akapiga tena, akaambiwa kesho. Kesho ya Salmini ni ile ambayo hata mwenyewe haijui, na Faidha, mashine imezimika asubuhi na imezimika jioni, akaona bora atafute kwingine. Akampigia shangazi yake Stamili, Chilangala.

"Shangazi, huko kwenu hakuna fundi wa kupima? Fundi hasa, siyo hawa wa hapa. Nimechoka. Kitu kinazimika chenyewe, baba anabaki ananitolea macho, na kila anayekuja haoni kitu."

Sauti ya shangazi ikashuka. "Kumbe mmefika huko, Mama Huruma. Mbona hukusema mapema? Fundi yupo. Nitamtuma."

Faidha alishukuru, akakata simu, roho imetulia kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kisha ikaja siku mambo yakagongana. Asubuhi ya ukungu mzito, ule wa Newala unaoficha hata choo cha nyumba yako, bodaboda ilisimama nje ikamteremsha bibi kizee mwembamba, kanga mbili, kikapu kidogo mkononi. Faidha alimtambua. Alikuwa Bi Zena, wa Chilangala, aliyemjua tangu utoto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Stamili amenituma. Nimekuja kupima."

Faidha alitazama kikapu, akatafuta kwa macho mahali ambapo mita ingeweza kukaa, na ndipo akaelewa alichokifanya. Kule kwao anayeshona ni fundi, anayejenga ni fundi, na anayeitwa mtu akishikwa na kitu kisichoonekana naye ni fundi vilevile. Na wote hao hupima. Alienda nyuma ya nyumba akampigia shangazi yake, akijitahidi asipaze sauti.

"Mimi nilitaka fundi wa umeme, shangazi."

"Umeme hukuutaja, mwanangu. Umesema kitu kinazimika, baba ananitolea macho. Mimi nifikirie nini?"

Alikata simu. Hasira zilimpanda, za shangazi, za Salmini, za Gervas na skrubu zake, na zaidi zake mwenyewe. Lakini mtu mzima wa umri ule hafukuzwi mlangoni. Alimtandikia mkeka barazani, akamletea chai na mihogo, akamwambia kwa heshima kwamba kulikuwa na kutoelewana kidogo, bodaboda itamrudisha akishapumzika. Bi Zena hakuonekana kukasirika. Alikunywa chai yake polepole, kichwa amekiinamisha upande wa dirisha la mgonjwa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Saa hiyohiyo, Mungu naye ana utani wake, pikipiki iliyojaa tope ikaingia uani.

"Shikamoo mama. Mimi Filemoni, kutoka Masasi. Samahani, nilitakiwa nije juzi."

"Marahaba. Umefika, hiyo inatosha," Faidha alisema, na kidogo alie.

Huyu alikuwa fundi kweli. Hakugusa kitu kabla ya kuuliza. Alipima soketi, akapima waya wa arthi, akapima plagi, kila mara akiisoma mita mara mbili. Akafungua mashine, akaikagua ndani kwa tochi, akaifunga na skrubu zote zikarudi. Mzee Bwanali alimfuata kwa macho bila kusema. Faidha alisimama mlangoni amekunja mikono, akisubiri kuambiwa nyumba itandazwe waya upya.

"Mama, ikizimika inapiga kelele?"

"Kelele gani?"

Filemoni alichomoa plagi ukutani. Mashine ikaanza kulia, mlio mwembamba unaochoma masikio. Akairudisha, ikanyamaza. "Umeme ukikatika, au waya ukilegea, au kitu kikiungua ndani, hii lazima ilie. Imetengenezwa hivyo ili mgonjwa asife kimyakimya. Imewahi kulia?"

"Haijawahi hata siku moja."

"Na ukija kuiwasha, swichi unaikuta wapi? Juu au chini?"

Faidha alifungua mdomo ajibu haraka kama alivyozoea kuwajibu mafundi, akaufunga. Aliiona mikono yake mwenyewe, asubuhi na jioni, wiki zote hizo, ikiibonyeza ile swichi kuipandisha juu. Na kitu hakipandishwi juu kama hakikuwa chini.

"Chini," alisema.

"Basi mashine ni nzima." Filemoni alipunguza sauti. "Haizimiki hii, mama. Inazimwa."

Ndani ikasikika ile pumzi tu. Filemoni akauliza taratibu kama nyumbani kuna mtu mwingine, mtoto labda, na Faidha akatikisa kichwa, na wote wawili wakatazama kitanda kilivyo mbali na dirisha, kisha mikono ya mzee iliyolala juu ya shuka.

"Nimalizie kitanda, maana ni cha chuma," alisema Filemoni, kwa sauti ya mtu anayetaka kurudi kwenye mambo anayoyafahamu. "Wakati mwingine umeme unavujia kwenye chuma." Alitoka akaenda kushusha meinswichi, nyumba nzima ikazimika, friji ikanyamaza, mashine ikalia mlio wake. Aliporudi aliunyamazisha kwa kushusha swichi ya mashine, akaigusisha testa, ile bisibisi yenye taa inayowaka ikigusa umeme, kwenye mguu wa kitanda kuhakikisha hakuna kitu kabla hajaanza.

Testa ikawaka.

Akaitoa, akaitazama, akaifuta kwenye suruali, akagusa tena, ikawaka tena, taa nyekundu ndogo mahali ambapo hapakuwa na umeme wa kuiwasha. Akagusa chuma cha kichwani, ikawaka zaidi. Na labda ni ile tabia ya fundi ya kutaka kujua mwisho wa jambo, ncha ya testa ikateleza kutoka kwenye chuma ikagusa kidole cha mzee kilicholala pembeni, na taa ikawaka nyekundu mpaka ikamulika kiganja cha Filemoni, na wakati huo huo wote wawili wakasikia kile ambacho masikio yao yalikuwa yanakisikia muda wote bila kukikubali, kwamba meini iko chini, nyumba haina umeme, mashine imekufa pale dirishani, na ile pumzi bado inavuta, inatua, inashusha, na harufu ya salfa imepanda hadi machozi yanawatoka.

"Mama," Filemoni alinong'ona. "Meini iko chini."

"Najua. Ipandishe."

"Mama, mimi hiki sikijui."

"Ipandishe, Filemoni. Baba yangu hana hewa."

Alikwenda akaipandisha. Faidha akairudisha mashine, taa ya kijani ikawaka, na mzee, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kusinyaa na midomo kuchezacheza, akajaa tena.

Bi Zena alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemsikia akija. "Nimsalimie tu mgonjwa," alisema, "kisha nitafutieni bodaboda yangu."

Nani atamkatalia mtu kumsalimia mgonjwa? Faidha alisogea. Bi Zena aliingia hatua chache, akasimama mbele ya kitanda, akanyamaza. Alikuwa anasubiri salamu yake. Bi huyu alimbeba Bwanali mgongoni akiwa mchanga. Mzee alipotoka jandoni alimwamkia, alipooa alimwamkia, ndevu zilipoota mvi bado alikuwa anashuka kwenye baiskeli barabarani, anavua kofia, anasema shikamoo dada. Sasa mzee alimtazama tu, macho kwa macho, kwa utulivu wa mwenye nyumba. Faidha aliona aibu kwa niaba yake, akataka kusema kwamba ugonjwa umemchanganya.

Kabla hajasema, Bi Zena alikunja goti kidogo, mikono mbele, kama msichana.

"Shikamoo," alimwambia.

Filemoni, aliyekuwa anakusanya vifaa vyake, akaacha. Hata yeye, Mkristo wa Masasi asiyemjua mtu pale, alijua kwamba hicho hakifanyiki. Mzee Bwanali wa kweli angeanguka kitandani kwa aibu kabla ya kuipokea.

"Marahaba," alijibu yule wa kitandani, kwa raha. "Hujambo?"

"Sijambo," Bi Zena akasema, akageuka akatoka.

Walimfuata nje. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Bibi aliketi mkekani kama aliyebebeshwa mzigo, na alipoongea aliongea chini sana hata ikabidi wainame.

"Huyo anapokea shikamoo ya kila mtu, kwa sababu hakuna aliyemzidi umri hapa. Wewe ungejuaje? Wewe ni mtoto, kila siku unamwamkia naye anakuitikia, na ndivyo inavyotakiwa."

"Ni nini, bibi?" Filemoni aliuliza. Testa bado alikuwa ameishika.

"Wale wasioonekana waliumbwa kwa moto, mwanangu. Kidude chako kimeona moto, basi. Alikuja na hiyo mashine, alikuwa na mgonjwa mwingine kabla ya huyu. Hiyo hewa ndiyo kamba yake. Ikikatika anabaki ananing'inia kwa muda, mnasikia anavyopumua mwenyewe, kisha angechoka angeachia. Lakini hajawahi kufika kuchoka, maana Mama Huruma anawahi kuwasha."

Faidha aliinama zaidi. "Na anayezima ni nani?"

Bi Zena alimtazama kwa huruma ambayo Faidha hakuitaka. "Baba yako. Yumo bado, kama mtu aliyefungiwa chumba cha uani nyumbani kwake mwenyewe. Mkono huu hauna nguvu, lakini mtu akikata tamaa kiasi hicho sijui anatumia mkono gani. Hiyo midomo inayochezacheza, mwanangu, umewahi kukaa ukaisikiliza?"

Hakuwahi. Mara zote hizo alikuwa anakimbilia swichi, akiilaani mashine.

"Izimwe mara moja, iachwe," Bi Zena alisema. "Kile kitoke, naye apate kuongea na watu wake."

"Kisha?"

Filemoni alitazama chini.

Walirudi ndani, na Faidha ndiye aliyezima. Alitaka kuona mwenyewe, tena alitaka kuona wamekosea wote wawili, yule wa mita na yule wa kikapu. Taa ya kijani ilizimika na pumzi ikaendelea, inavuta, inatua, inashusha, mara ya kwanza kwa nguvu zilezile, kisha kwa kukwaruza, kisha kwa namna ya mtu anayeshika ukingo wa kisima kwa kucha, na kitanda kikaanza kutetemeka miguu yake yote minne juu ya saruji, na kutoka kwenye kifua cha baba yake ikatoka sauti nzito safi ikimwambia washa, mwanangu, washa, huoni nakufa, tena na tena, na chini ya sauti hiyo, kama maji yanayotafuta njia chini ya mlango, ikaanza kusikika nyingine, nyembamba, iliyokatika, ya Chilangala kabisa, ambayo Faidha hakuisikia tangu mashine iingie ndani ya nyumba ile na ambayo alikuwa ameisahau bila kujua kwamba ameisahau. Harufu ya salfa ikapungua. Macho ya mzee yakamwacha binti yake, yakamtafuta bibi kizee aliyesimama miguuni pa kitanda.

"Shikamoo… dada."

"Marahaba, mdogo wangu," Bi Zena alisema, na machozi yakamtoka.

Mzee alimgeukia Faidha. Kila neno alilitafuta mbali. "Mama Huruma. Iache. Nimechoka… kuizima."

Pumzi ya kile kilichokuja na mashine ilikuwa imebaki kidogo sana, kama ya paka anayelala. Na ya baba yake pia. Midomo ilikuwa ya bluu. Kifua kilipanda, kikakaa chini muda mrefu, kikapanda. Faidha alihesabu moyoni, akafika mahali ambapo kilitakiwa kipande na hakikupanda, na mkono wake ulikuwa umeshabonyeza swichi kabla hajaamua lolote.

Taa ikawaka. Uso ukajaa.

"Leta chakula," baba yake alisema.

"Mwanangu," Bi Zena alianza.

"Hapana." Kilichompanda Faidha, ajabu, kilikuwa hasira. "Mimi nimeita fundi aje atengeneze mashine. Tangu mwezi ule naita fundi atengeneze mashine. Mmoja ananibakizia skrubu, mwingine ananiambia waya, wewe unaniambia nzima, na wewe bibi yangu unaniambia nimzike baba yangu anakula, anaongea. Sikuita mtu wa kuniulia baba."

Filemoni alifunga vifaa vyake, akakataa chochote, akampakia Bi Zena nyuma ya pikipiki yake. Bibi kabla ya kupanda alimshika Faidha mkono. "Atazima tena," alisema. "Safari hii utakuwa unajua ni nani."

Ukungu ukawameza. Faidha alisimama uani mpaka muungurumo wa pikipiki ulipopotea, kisha akaingia jikoni akatafuta kisu na kipande cha utepe alichoacha mmoja wa wale mafundi. Hakuwa na haja ya fundi. Alikwisha kuwashikia tochi wengi. Alichomoa plagi, mlio ukaanza, akafungua mashine haraka, akazikata nyaya mbili zilizokuwa zinaingia kwenye swichi, akazichuna kwa meno na kisu, akazisokota moja kwa moja pamoja, akazifunga utepe. Swichi aliing'oa, akaitupa shimoni chooni. Alipochomeka plagi tena taa ya kijani iliwaka, na hapakuwa tena na swichi ya kuizima.

Akaleta uji. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamtengenezea baba yake mto vizuri, akaanza kumlisha.

"Mtamu," alisema yule mzee, akamwangalia kwa mapenzi. "Ahsante sana, mwanangu. Umefanya vizuri."

Faidha alitabasamu, akachota kijiko kingine, na ndipo alipouona mkono wa kulia. Ulikuwa umelala juu ya shuka, umekondeana, na kidole chake cha shahada kilikuwa kinabonyeza. Kilibonyeza chini, kikainuka, kikabonyeza chini. Mdomo ulikuwa unakula uji na kusifu uji, macho yanamcheka, na kidole kilikuwa kinabonyeza, taratibu, bila kuchoka, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Aliweka kijiko kwenye bakuli. Akauchukua ule mkono, akauingiza chini ya blanketi, akachomeka ukingo wa blanketi vizuri chini ya godoro ili usitoke. Kisha akaendelea kumlisha.